Nazichambua pipi kwa rangi kabla ya kula: je, nina ugonjwa?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Chumbageni, Tanga. Tangu utotoni, nikipata zile pipi za vidonge vya rangi rangi zenye chokoleti ndani, siwezi kuzila mpaka nizimwage kwenye kisahani nizichambue kwa rangi. Naanza na za kahawia, kisha manjano, chungwa, kijani, bluu, na nyekundu namalizia. Nakula mbili mbili, moja shavu la kulia, moja la kushoto. Rangi ikitoa witiri, ile moja inayobaki namwekea mwanangu. Nikiwa kwenye daladala nazila hivyo hivyo tu, ila najiona kama nimezipoteza. Mume wangu hucheka basi. Lakini siku ya Idi wifi yangu kanisema mbele ya wageni kwamba nina "kitu", inafaa nisomewe. Na sasa mwanangu wa kiume, miaka 4, ameanza kuzipanga kama mimi. Juzi alilia karibu nusu saa kwa sababu baba yake alichukua moja ya kijani kwenye mstari wake. Je, huu ni ugonjwa? Nimemwambukiza mtoto? Na mbona zile nyekundu naziona tamu kuliko zote?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linalokukosesha raha: hapana, huo si ugonjwa. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili mkononi nilikuwa na kashata ambayo pembe zake nne zilikwisha liwa, katikati pako vile vile. Ndivyo ninavyokula kashata tangu nilipokuwa nikilelewa na bibi yangu Ngamiani, barabara ya 12: pembe kwanza, halafu kando kando, kitovu mwisho. Nina miaka 58, na zaidi ya 20 kati ya hiyo nimekaa kwenye kiti cha unasihi nikisikiliza siri za watu. Hii yangu sijawahi kumwambia yeyote, kwa hiyo tuko sawa.

Unaniita daktari, nami sikukatalii, ila ujue mimi ni mwanasaikolojia. Sindano sina, vidonge sitoi. Nalisema hili kwa sababu hapa kwetu mtu akisikia neno saikolojia mawazo yake yanapanda basi moja kwa moja mpaka Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Wengi wanaokuja kwangu hawaumwi. Wamesemwa tu, kama ulivyosemwa wewe.

Katika barua yako yote, sentensi niliyoipigia mstari ni ile ya daladala. Umesema ukiwa njiani unazila hivyo hivyo na unajiona kama umezipoteza. Hapo ndipo nilipopata jibu. Hukusema moyo ulikwenda mbio, wala kwamba ulishuka kituo kisicho chako utafute mahali pa kuzipanga, wala kwamba uliogopa mama yako atapatwa na jambo kwa sababu umekula ya bluu kabla ya kahawia. Umejuta kidogo, kama mtu aliyekunywa chai ya maziwa ikiwa imeshapoa, ukafika nyumbani, ukapika.

Sasa tazama upande wa pili. Watu wa pwani tunalo neno la zamani la ugonjwa wenyewe, na pengine umelisikia tangu madrasa: wasiwasi. Sisemi wasiwasi wa kusubiri matokeo ya mtihani, nasema ule wa kwenye udhu. Mtu anaosha mkono mara tatu, anaona haukupata maji, anarudia, anarudia tena, jamaa wameshakimu swala naye yuko bombani ngozi imesinyaa. Akisimama kwenye swala anatia nia, anaitilia shaka, anaanza upya. Watu kama hao nimewahudumia, wanaume kwa wanawake. Hakuna hata mmoja aliyeniambia anafurahia. Wote walisema kitu kimoja kwa maneno tofauti: najua haina maana, lakini nisipofanya nahisi nitapasuka.

Na wanazuoni wetu waliliona jambo hili mapema. Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa huko Balkh, Afghanistan ya leo, mwaka 850 hivi, aliandika kuhusu afya ya mwili na afya ya nafsi kwa pamoja, na yale mawazo yanayomganda mtu yakakataa kumwachia aliyaweka katika fungu lake peke yake, mbali na huzuni, hofu na hasira. Miongozo ya utambuzi tunayotumia leo haiko mbali naye. Inauliza: mawazo hayo au vitendo hivyo vinakula muda mwingi, kwa mfano zaidi ya saa 1 kwa siku? Vinamtesa mwenyewe? Vinamharibia kazi, ibada, ndoa, masomo? Wewe paketi moja ya pipi inakuchukua robo saa, tena siku ambayo mume kapita dukani. Inakupa raha. Haijakuchelewesha popote. Kipimo cha wifi sicho tunachotumia.

Nikupe na mfano wa nyumbani zaidi. Wewe ni mtoto wa Tanga, mchele unauchambua. Unaumwaga kwenye sinia, unasogeza kwa kidole, chuya huku, kijiwe kule, mpunga huku. Hakuna aliyewahi kukwambia una kitu. Mkono ule ule, jicho lile lile, sinia limekuwa kisahani na mchele umekuwa pipi, watu wameshituka. Wameshituka kwa sababu kuchambua mchele kuna faida wanayoiona, na kuchambua pipi hawaioni faida yake. Nao wamekosea. Faida ipo, na imepimwa.

Mwaka 1982, Uingereza, kule Oxford, watafiti Barbara Rolls, Edward Rowe na Edmund Rolls walichapisha majaribio kuhusu namna sura ya chakula inavyoshika hamu. Katika moja waliwapa watu tambi za maumbo mbalimbali. Katika jingine walitumia Smarties, hizo hizo pipi za vidonge vya chokoleti. Mtu akishakula za rangi moja, akiulizwa kuhusu ladha, ile rangi aliyoila anaiona imepungua utamu kuliko rangi ambazo hajazigusa, ingawa kilichobadilika ni rangi tu. Hamu huchoka kwa kila kitu mbali mbali. Ndiyo maana mtu aliyeshiba pilau mpaka amelegeza mkanda hupata nafasi ya tende na kahawa.

Basi jifikirie na kisahani chako. Unakula kahawia mpaka zinakaribia kukuchosha, mara unaingia manjano. Jicho linaambiwa kitu kipya kimekuja, ulimi unafuata. Manjano nayo inaanza kuzeeka, chungwa hilo hapo. Kwa paketi moja umejifungulia hamu mara sita. Mume wako anayejaza kiganja na kutia kinywani zote kwa pamoja amefungua mara moja tu, halafu anakucheka.

Na kuna hilo la kuweka nyekundu mwisho. Mwaka 2012, Ed O'Brien na Phoebe Ellsworth wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliwaonjesha wanafunzi chokoleti tano, moja moja, kila moja na ladha yake. Kwa wengine kila chokoleti ilitolewa kwa maneno "hii ndiyo inayofuata". Kwa wengine ile ya tano ilitolewa kwa maneno "hii ndiyo ya mwisho". Walioambiwa ni ya mwisho waliisifia zaidi, na wengi wao wakaichagua kuwa ndiyo waliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa ladha yoyote, kwa kuwa zilitolewa bila mpango. Neno "mwisho" peke yake lilitia sukari.

Hapo nimeshaanza kujibu swali lako la tatu, kwa hiyo nilimalize, kisha nirudi kwa mtoto, ambaye ndiye hasa ninayetaka kumzungumzia.

Nyekundu si tamu kuliko kahawia. Katika pipi za aina hii rangi iko kwenye gamba. Vidonge vya chokoleti hutiwa kwenye pipa linalozunguka, vikanyunyiziwa shira ya sukari, ikakauka, vikanyunyiziwa tena, tabaka juu ya tabaka, na rangi ikaja kwenye tabaka za mwisho. Gamba lenyewe lilikuwa na kazi. Pipi za aina hii ziitwazo M&M's zilipoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1941, na Forrest Mars pamoja na Bruce Murrie, wateja wake wakubwa wakati wa vita walikuwa askari, kwa kuwa chokoleti ya kawaida haivumilii joto. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Wewe unaishi Tanga, Februari unaijua. Chokoleti ya mche ukiitoa Barabara ya Taifa ukafika nayo Raskazone, unainywa. Kidonge chenye gamba kinafika, ila ukikishika sana jasho linakivua rangi, kiganja kikawa kama cha mtu aliyetoka kupiga kura. Ndiyo maana nakusifu kwa kisahani.

Kuna kizazi cha Wamarekani kilichokua bila M&M's nyekundu. Mwaka 1976 nchini mwao rangi moja nyekundu ya vyakula ilipigwa marufuku kwa hofu ya saratani. M&M's haikuwa ikitumia rangi hiyo hata kidogo, lakini kampuni iliona watu wameshaingiwa na hofu na nyekundu yoyote, ikaziondoa. Zilirudi mwaka 1987. Miaka 11, kwa ajili ya jicho peke yake. Na mwaka 1995 bluu ikaingia kwa kura za wateja, rangi ya udongo mpauko ikatolewa. Nikisoma mambo haya nacheka, maana kama chokoleti ni ile ile, walikuwa wanapiga kura kuhusu nini?

Kipo kighairi kimoja, nisije nikaonekana mwongo: Smarties za Uingereza zile za rangi ya chungwa zina ladha ya chungwa kweli ndani ya chokoleti. Na mwaka 2006 za bluu ziliondolewa kwa sababu watengenezaji walitaka kuachana na rangi za viwandani na hawakuwa na bluu ya asili. Mwaka 2008 zikarudi, bluu yake imetolewa kwenye spirulina, kiumbe cha majini ambacho wengi hukiita mwani. Kina mama wanaolima mwani huku pwani wangependa kulisikia hilo, ingawa mwani wao ni wa jamii nyingine.

Lakini wewe si Mmarekani wala Mwingereza, na nyekundu yako nadhani naijua ilikotoka. Ni ubuyu. Mtoto gani wa Tanga hakukunja shilingi yake akaenda kwa mama mwenye ndoo ya ubuyu nje ya shule? Mbegu za mbuyu na unga wake, zimepikwa kwenye sukari, iliki, pilipili manga kidogo, zikatiwa rangi nyekundu mpaka midomo inasema yenyewe ulikokwenda na pesa ya daftari. Ukali wake ni wa asili, unga wa ubuyu una tindikali na vitamini C nyingi, na hiyo nyekundu haiongezi wala haipunguzi ladha. Hata hivyo jaribu kumpa mtoto ubuyu mweupe, ule wa asili usiopikwa. Atakutazama kama umemnyima.

Na ubuyu nao una adabu zake. Wako wanaofyonza mpaka mbegu ibaki nyeusi inang'aa, halafu wanaitema kwenye kiganja na kuihesabu pamoja na wenzake. Wako wanaotafuna nusu nusu, na hao sisi tulikuwa tunawaona washenzi. Bibi yangu alikuwa akiila tatu tatu, kwa kuwa alisema witiri ina baraka. Ukitaka kumjibu mtu kuhusu mbili mbili zako, mwambie una madhehebu tofauti na bibi yangu.

Kwa hiyo unapoweka nyekundu mwisho, naona mambo mawili yamekutana kwenye kisahani: utoto wa ubuyu, na ule utamu wa "hii ndiyo ya mwisho". Ungeamua kesho kumalizia na kijani, baada ya mwezi mmoja naamini ungeniandikia kuuliza mbona kijani ni tamu.

Sasa mtoto.

Umeuliza kama umemwambukiza. Tabia ya kupanga vitu haiambukizwi kama surua. Umemwonyesha njia tu, lakini safari alikuwa nayo tayari kwa umri wake. Mwaka 1997 David Evans na wenzake, Marekani, waliwauliza wazazi wa watoto karibu 1,500, kuanzia wachanga wa miezi hadi wa miaka sita, kuhusu mambo haya haya: kupanga vitu mpaka vikae sawa, kutaka jambo lifanywe kwa utaratibu ule ule, kutaka chakula kiandaliwe kwa namna moja. Mambo hayo yalikuwa mengi zaidi kwa watoto wa miaka 2, 3 na 4. Wako yumo humo humo. Ukiwauliza kina mama kwenye mlango wa chekechea yoyote hapa mjini watakwambia: wangu hanywi uji mpaka kikombe cha bluu, wangu lazima avue kiatu cha kushoto kwanza, wangu ndizi ikikatika anataka iungwe.

Ndizi ikikatika anataka iungwe. Nakiri huyo alikuwa wangu. Leo ni fundi umeme, ana watoto wawili, ndizi anakula hata iliyopondeka.

Kwa nini iwe umri huo? Dunia ya mtoto wa miaka minne inaamuliwa na watu wengine. Haamui saa ya kulala, haamui tunaenda kwa nani, haamui kama leo ni ugali au wali. Mstari wa pipi ni mahali padogo ambapo yeye ni mkuu wa mkoa. Ukichukua kidonge kimoja cha kijani bila kumuuliza, wewe umeona umechukua pipi. Yeye ameona mpaka wa nchi umevukwa.

Tena hicho anachokifanya ni hesabu. Piaget, yule Mswisi aliyetumia maisha yake kutazama watoto wanavyofikiri, alionyesha kwamba kuweka vitu kwenye mafungu kwa sifa moja ni hatua ambayo mtoto lazima aijenge mwenyewe kabla namba hazijamkaa vizuri. Walimu wa chekechea wenye akili wanawapa vizibo vya soda, kokoto, mbegu za ukwaju, wapange kwa rangi, kwa ukubwa, wahesabu. Wako anafanya bila ada. Muulize, "Fungu gani lina nyingi? Tukizigawa mimi na wewe, kuna itakayobaki?" Mbili mbili zako zimeshamfundisha shufwa na witiri, bado hajui tu kwamba zinaitwa hivyo.

Kuhusu kulia, usimpige, usimcheke, na usimtolee mawaidha ya nusu saa ambayo ni marefu kuliko kilio. Vile vile usiifanye nyumba nzima itembee kwa kunyata kwa ajili ya mstari wa pipi. Baba aombe kabla ya kuchukua. Akikataliwa, akubali, siku nyingine atakubaliwa. Kisha mzoesheni polepole kwa mchezo. Wewe mwenyewe siku moja changanya rangi mbele yake, sema, "Leo mama anakula ovyo ovyo, tuone," ule, ucheke. Anatakiwa akuone wewe, bingwa wa kupanga, ukiacha kupanga na paa lisianguke. Hilo litamfaa kuliko maneno yangu.

Kitakachonifanya nikuambie umlete ni mambo kama haya: upangaji unaongezeka badala ya kupungua anapoelekea miaka 6 na 7, anaacha kucheza na wenzake ili apange, anapanga kwa woga, akiamini jambo baya litatokea, au kupanga kunaandamana na kuchelewa kusema, kutokuitikia jina lake, kutokutazama watu. Hapo nenda hospitali ya rufaa ya mkoa ueleze waziwazi. Katika barua yako sijaona hata moja. Nimeona mtoto anayepigania kijani chake.

Niingilie kidogo upande usio wangu, maana nikinyamaza mtaalamu wa meno atanilaumu. Robo saa ya kula kwa mpangilio haina neno. Mbaya ni pipi za kwenye mkoba, moja saa nne, moja saa tano na nusu, moja baada ya adhuhuri. Kila ukitia sukari kinywani vijidudu vya kwenye meno vinatengeneza tindikali, na mate yanahitaji nusu saa hivi kuituliza. Ukila kidogo kidogo mchana kutwa, meno hayapati nafasi ya kupumua. Wasweden walilithibitisha hilo kwa njia ya aibu. Katika miaka ya 1940, kwenye taasisi ya Vipeholm mjini Lund, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa pipi za kunata ili kuona meno yao yatakavyooza, na yalioza sana hasa pale pipi zilipoliwa kati ya mlo na mlo. Utafiti kama ule leo usingeruhusiwa. Kilichotoka humo ni ushauri kwa familia: kama ni pipi, basi siku moja kwa wiki. Mpaka leo watoto wa Sweden wana pipi za Jumamosi, wanakwenda na mfuko dukani wanachagua moja moja. Na wao wanazichambua, usidhani uko peke yako.

Ninyi chagueni Ijumaa baada ya swala, au siku yoyote, lakini iwe kikao kimoja, baada ya chakula, kisahani mezani, maji ya kusukutua baadaye. Mtoto akae chini anapokula. Vidonge vya gamba la mviringo, karanga na peremende ngumu humkaba mtoto anayekimbia, na asipewe huku akicheka na kurushwa juu na wajomba zake.

Wifi. Neno lake lilikuuma kwa sababu lilisemwa mbele za watu, na hilo ndilo kosa lake. Kusomewa Qur'ani hakuna ubaya, nani asiyeitaka. Lakini kuitwa mgonjwa mbele ya sinia la pilau ni jambo jingine. Usimjibu kwa hasira. Mngoje siku anakula mahamri na mbaazi, umtazame tu. Ninaweka dau kwamba anayo njia yake: anachovya upande mmoja, au anatoa tumbo la hamri anaacha ganda, au mbaazi hazigusi mpaka tui lichujike kando. Ukishaiona, usiseme. Tabasamu tu, ataelewa.

Na kama anapenda hadithi, msimulie hii. Miaka ya mwanzoni mwa 1980 bendi moja ya muziki ya Marekani, Van Halen, iliandika kwenye mkataba wake wa maonyesho kwamba nyuma ya jukwaa liwekwe bakuli la M&M's, na za kahawia zote zitolewe. Watu wakasema hawa wamelewa umaarufu. Mwimbaji wao, David Lee Roth, alikuja kueleza baadaye: mkataba ulikuwa mnene, umejaa masharti ya uzito wa mitambo na nguvu za umeme, na wao walitaka njia ya haraka ya kujua kama wenyeji wameusoma. Akikuta kidonge cha kahawia bakulini, alijua jukwaa lenyewe inabidi likaguliwe upya. Wewe za kahawia ndizo unazianza, kwa hiyo ungewapatia kazi nyepesi.

Jaribio moja kwa mume wako anayecheka. Mfunge kitambaa machoni, khanga yako itatosha. Mlishe vidonge vitano vya rangi tano, kimoja kimoja, ataje rangi ya kila kimoja kwa ladha. Mtoto awe mwamuzi, aandike vistari kwenye karatasi. Kisha badilishaneni, nawe ufungwe. Natarajia utafeli kama yeye, hata kwenye nyekundu. Usivunjike moyo. Fungua macho, zipange, ule.

Ila kabla ya mchezo huo, kile kidonge cha kijani alichokichukua baba yake, mwambie akirudishe. Anunue paketi nyingine, atoe kimoja, amkabidhi mwenyewe mkononi na aseme, "Samahani, hiki ni chako."